Dawa Nayo Ihesabiwe Kama Risasi

Hakuna ghala la silaha, katika jeshi lolote lenye nidhamu, ambamo bunduki hutoka bila kuandikwa. Mlinzi wa ghala huuliza jina la askari, namba yake ya utumishi, namba ya bunduki, idadi ya risasi, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Askari hutia sahihi, na mlinzi naye hutia yake. Hata afisa mwenye nyota begani hana ruhusa ya kuingia na kujichukulia apendavyo. Utaratibu huo haukuwekwa kwa sababu askari ni watu wa kushukiwa. Uliwekwa kwa sababu silaha ikifika katika mkono usio wake, au katika saa isiyo yake, humwua asiye adui.

Dawa nayo ni silaha. Imetengenezwa ili kupigana na maradhi, lakini haina macho ya kutambua nani mgonjwa na nani mzima. Ikipewa mtu asiyestahili, au kwa kipimo kisichokuwa chake, humpiga yule yule iliyetumwa kumwokoa. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi, katika hospitali za nchi tajiri na za nchi maskini, dawa imekuwa ikitoka kwa namna ambayo mlinzi wa ghala la silaha asingeikubali hata siku moja: kwa karatasi isiyosomeka, kwa neno la mdomo lililosemwa ukumbini, au kwa kumbukumbu ya mtu aliyechoka mwishoni mwa zamu ya usiku. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika wodi ya hospitali, kipoteacho bila habari ni uhai wa mtu.

Hiyo ndiyo sababu suala la kuingiza kompyuta hospitalini, ambalo kwa wengine huonekana kuwa ni la fahari na usasa tu, yafaa litazamwe na kila askari wa jeshi na wa polisi kama suala la ulinzi. Askari huugua, hujeruhiwa, na huacha jamaa nyumbani anapokwenda kulinda mpaka. Anayo haki ya kujua jinsi dawa inavyolindwa, na anao wajibu wake katika ulinzi huo.

Ukubwa wa tatizo haukujulikana kwa muda mrefu kwa sababu makosa ya dawa hayapigi kelele. Mgonjwa akifa, watu husema ni maradhi yake. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyoushtua ulimwengu. Ilikadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya matibabu yaliyoweza kuzuiwa, makosa ya dawa yakiwa miongoni mwao. Ripoti hiyo ilisema jambo ambalo askari atalielewa upesi: kwamba aghalabu chanzo si uovu wala uvivu wa mtu mmoja, bali ni utaratibu mbovu unaomwacha mtu mwema akosee bila kizuizi. Mnamo mwezi Machi 2017, Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya dunia nzima ya kutaka dawa zisilete madhara, likaweka lengo la kupunguza kwa nusu, katika muda wa miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukwa. Shirika hilo lilikadiria kwamba makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 za Marekani kila mwaka. Mwaka 2022, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 17 Septemba, iliwekwa kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Ili kufahamu mahali ambapo kompyuta yaweza kusaidia, hapana budi kuifuata dawa katika safari yake. Safari hiyo ina vituo vinne. Kwanza, daktari huamua na kuandika. Pili, mtu mwingine hunakili maandishi hayo katika karatasi ya wodi. Tatu, mtunza dawa husoma, hutoa na kuhesabu. Nne, muuguzi humfikia mgonjwa kitandani na kumpa kidonge, au kumdunga sindano. Kila kituo ni lindo, na kila lindo laweza kulala usingizi.

Mwaka 1995, watafiti wa Boston, nchini Marekani, walichunguza makosa yaliyowadhuru wagonjwa katika hospitali mbili kubwa. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya makosa hayo yalitokea daktari alipokuwa akiandika, na kiasi cha theluthi moja yalitokea muuguzi alipokuwa akitoa dawa kitandani. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa hili: karibu nusu ya makosa yaliyofanywa katika kuandika yaligunduliwa na kuzuiwa na walinzi wa vituo vilivyofuata, ambapo yale yaliyofanywa kitandani hayakuzuiwa hata moja. Ni rahisi kuona sababu. Nyuma ya daktari yuko mtunza dawa, na nyuma ya mtunza dawa yuko muuguzi. Nyuma ya muuguzi hakuna mtu. Yeye ni lindo la mwisho, na mara nyingi yuko peke yake, usiku, akiwa na wagonjwa wengi kuliko awezavyo kuwahudumia.

Sasa na itazamwe hali ya Bujumbura. Mkazi wa mtaa wa Mutanga Nord, ulio upande wa kaskazini-mashariki ya mji, mtoto wake akishikwa na homa kali usiku, hana safari ndefu ya kufika hospitali. Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu iliyoko Kamenge, ambayo watu wengi huiita Roi Khaled, haiko mbali. Lakini kuanzia mlangoni mwa hospitali yoyote ya mji huo, mtoto huyo anaingia katika msitu wa lugha. Mama hueleza ugonjwa kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Daktari huandika kwa Kifaransa. Kisanduku cha dawa, ambacho huenda kimetoka India, kimepigwa chapa kwa Kiingereza. Dawa moja ya kutuliza maumivu, parasetamoli, huweza kuwamo nyumbani kwa jina la Doliprane, dukani kwa jina la Efferalgan, na kwa jirani kwa jina la Panadol. Mtu anayemeza zote tatu akidhani ni dawa tatu tofauti huzidisha kipimo mara tatu, na ini lake ndilo hulipa.

Hebu achukuliwe mtoto mwenye malaria kali na uzito wa kilo 14. Dawa ya sindano iitwayo artesunate hupimwa kwa uzito: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo moja, na aliyezidi hapo, pamoja na mtu mzima, hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Hivyo mtoto huyo anastahili miligramu 42. Lakini katika Kifaransa, kumi na nne ni quatorze na arobaini ni quarante. Katika kelele za chumba cha wagonjwa wa dharura, neno moja laweza kusikika kuwa ni jingine, na mtoto akahesabiwa miligramu 96, yaani zaidi ya mara mbili ya haki yake. Mfano mwingine ni insulini, dawa ya kisukari, ambayo hupimwa kwa yuniti. Daktari akiandika kumi kwa tarakimu na kuifuatisha herufi U iliyofungwa juu kwa haraka ya kalamu, muuguzi aweza kusoma mia moja. Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Ni kosa linalojulikana duniani kote, na kwa sababu hiyo hospitali nyingi zimepiga marufuku kuandika herufi hiyo peke yake.

Yako pia majina ya watu. Kwa desturi ya Warundi, mtoto si lazima achukue jina la baba yake. Kila mmoja huweza kuwa na jina lake, na majina mengi humtaja Mungu, kama vile Niyonzima, Ndayishimiye au Niyonkuru. Ni majina mazuri, lakini katika wodi moja huweza kulala watu wawili au watatu wenye jina moja. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, mgonjwa asiyehitaji kupasuliwa alifunguliwa fuvu la kichwa kwa sababu utambulisho wa wagonjwa wawili ulichanganywa. Ikiwa upasuaji wa kichwa, wenye mashahidi wengi chumbani, waweza kufanywa kwa mtu siye, itakuwaje sindano moja inayotolewa na mtu mmoja saa tisa za usiku?

Kompyuta hufanya nini katika safari hiyo? Kwanza, huondoa mwandiko mbaya. Daktari huchagua dawa katika orodha, na kompyuta humdai aseme kipimo, njia na saa. Asiposema, amri haipiti. Pili, hukumbuka. Ikiwa mgonjwa aliandikwa zamani kwamba mwili wake haupatani na penisilini, kompyuta huonya kabla dawa haijatoka stoo. Tatu, huhesabu. Ikishapewa uzito wa mtoto, huonyesha kipimo na kukataa kile kilichopita mpaka. Nne, huondoa kituo kizima cha kunakili, kwa kuwa maandishi ya daktari ndiyo yale yale ayasomayo mtunza dawa na muuguzi. Tano, hutunza hesabu ya stoo, ili ijulikane dawa ipi inakaribia kwisha, ipi muda wake umepita, na ipi imetoka bila mgonjwa wa kuipokea. Hapo ndipo mwizi wa dawa naye huanza kukosa usingizi.

Manufaa hayo si ya kukisia. Mwaka 1998, hospitali ya Brigham and Women's ya Boston ilitangaza kwamba, baada ya madaktari wake kuanza kuandika amri za dawa katika kompyuta, makosa makubwa ya dawa ambayo hayakuzuiwa njiani yalipungua kwa asilimia 55. Hata hivyo, lile lindo la mwisho, la kitandani, lilikuwa bado halijapata msaidizi.

Msaidizi huyo alipatikana katika hospitali ya askari wastaafu, na habari yake yastahili kukumbukwa na kila askari. Mwaka 1992, muuguzi aitwaye Sue Kinnick, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wastaafu wa jeshi mjini Topeka, katika jimbo la Kansas, alikuwa safarini akirudisha gari la kukodi. Akaona mhudumu akielekeza kijimashine mkononi kwenye alama ya mistari iliyobandikwa garini, na mara hesabu yote ikatokea. Alama hiyo ni ile mistari myeusi na myeupe inayoonekana kwenye sabuni na maziwa ya dukani. Muuguzi huyo akawaza kwamba ikiwa gari laweza kutambuliwa bila kukosea, mgonjwa na dawa yake nao waweza. Hospitali yake ilijaribu. Mgonjwa alivikwa utepe mkononi wenye mistari, kidonge kikafungwa katika pakiti yenye mistari, na muuguzi akawa anavisomesha vyote viwili kwa kijimashine kabla ya kutoa dawa. Visipopatana, mashine hupiga kelele. Ilipofika mwaka 2000, utaratibu huo ulikuwa umeenezwa katika hospitali za wastaafu wa jeshi nchini Marekani kote.

Askari atautambua mara moja utaratibu huo. Ni lile neno la siri la lindoni. Mlinzi husema neno, na anayekuja hujibu neno. Yasipopatana, hapiti mtu, hata akiwa na sura ya rafiki. Mwaka 2010, watafiti wa hospitali ile ile ya Brigham walichapisha matokeo ya kuchunguza utoaji wa dawa zaidi ya mara 14,000. Katika wodi zisizo na alama za mistari, ukiacha makosa ya saa, makosa yalikuwa asilimia 11.5, na katika wodi zenye alama hizo yalikuwa asilimia 6.8. Makosa ya kunakili yalitoweka kabisa.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kutazama. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha daftari la wagonjwa katika kompyuta, mahali ambapo wengi waliona kuwa ni ndoto. Kazi hiyo ilikua ikawahudumia wagonjwa wa ukimwi wa magharibi ya Kenya, na ikawa moja ya mizizi ya programu ya OpenMRS, ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi bila kulipiwa leseni. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011, wauguzi na madaktari wa Eldoret waliokumbushwa na kompyuta walikiagiza kipimo muhimu cha damu kwa asilimia 53 ya wagonjwa waliostahili, ambapo wasiokumbushwa walikiagiza kwa asilimia 38. Kompyuta haikuwafundisha udaktari. Iliwagusa begani tu, ikawakumbusha walichokwisha kukijua.

Hapa Burundi, hospitali kadhaa, ikiwamo ile ya Chuo Kikuu ya Kamenge, zimetumia programu iitwayo OpenClinic GA, iliyokuzwa na wataalamu wenye uhusiano na chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel cha Ubelgiji. Programu hiyo nayo haina malipo ya leseni. Huandikisha wagonjwa na kumpa kila mmoja namba yake, hutunza hesabu za malipo, majibu ya maabara, stoo ya dawa na maagizo ya daktari. Wizara ya Afya nayo iliweka mpango wa taifa wa kukuza kompyuta katika afya. Lakini yapasa ieleweke kwamba katika hospitali nyingi za Afrika kompyuta hufika kwanza kwenye dirisha la malipo, kisha stoo, na kitandani hufika mwisho kama hufika. Basi fedha hupata mlinzi kabla ya mgonjwa. Si kosa kuanza na fedha, kwa kuwa hospitali isiyo na hesabu hufunga milango. Kosa ni kukomea hapo na kudhani kwamba kazi imekwisha.

Hapana shaka kwamba wako watakaosema kuwa kompyuta ni dawa ya kila kosa. Historia inawakanusha. Mwaka 2005, watafiti wa Philadelphia walitaja namna 22 ambazo mfumo wa kuandikia dawa katika kompyuta uliweza wenyewe kusaidia makosa kutokea: daktari hufungua jalada la mgonjwa mmoja akidhani ni la mwingine, au hulazimika kupita kurasa nyingi ili aone dawa zote za mtu mmoja. Mwaka huo huo, hospitali ya watoto ya Pittsburgh ilionyesha jambo la kuogofya. Miongoni mwa watoto waliohamishiwa hapo kwa matibabu maalumu, vifo vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57 baada ya mfumo mpya kuanzishwa kwa haraka. Amri ya dawa haikuweza kuandikwa kabla mtoto hajafika na kuandikishwa. Dawa za dharura ziliondolewa karibu na vitanda. Waganga walibaki wakibonyeza vitufe wakati mtoto anahitaji mikono yao. Lakini hospitali ya watoto ya Seattle, iliyoweka mfumo wa namna hiyo hiyo baada ya matayarisho marefu, haikuona vifo kuongezeka. Mashine zilikuwa za aina moja, ila maandalizi yalikuwa tofauti. Haraka haraka haina baraka.

Liko pia tukio la mwezi Desemba 2017 mjini Nashville. Muuguzi alitumwa dawa ya kumtuliza mgonjwa. Akaandika herufi mbili za mwanzo za jina la biashara la dawa hiyo katika kabati la dawa linaloongozwa na kompyuta. Kabati lilikuwa limeihifadhi kwa jina lake jingine, hivyo halikuionyesha. Akatumia njia ya dharura ya kuruka kizuizi, na kabati likampa dawa nyingine iliyoanza kwa herufi zile zile, ambayo hupoozesha misuli yote ya mwili, hata ile ya kuvuta pumzi. Mgonjwa alifariki. Mwaka 2022 muuguzi huyo alitiwa hatiani mahakamani, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Ilibainika pia kwamba katika hospitali hiyo kuruka kizuizi kulikuwa kumekwisha kuwa jambo la kawaida. Kizuizi kinachorukwa kila siku si kizuizi tena. Ni kama lango la kambi ambalo kila apitaye husema ana haraka, mpaka siku apite adui naye akisema ana haraka.

Katika Bujumbura kuna mtihani mwingine, nao ni umeme. Kompyuta isiyo na umeme ni sanduku tupu, na hospitali haiwezi kumwambia mgonjwa arudi kesho kwa kuwa umeme umekatika. Kwa hiyo kila hospitali inayotia kompyuta inapaswa kuwa na betri au nguvu ya jua kwa mashine chache za lazima, na karatasi za akiba zenye mpangilio ule ule wa kompyuta, zilizowekwa mahali panapojulikana. Wauguzi wanapaswa kuzifanyia mazoezi, kama askari wanavyofanya mazoezi ya kupigana redio ikinyamaza. Umeme ukirudi, yaliyoandikwa katika karatasi huingizwa siku hiyo hiyo, la sivyo patakuwa na madaftari mawili yanayopingana, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na daftari.

Na ziko hatua zisizongoja mashine yoyote. Kumpima mgonjwa kwa mizani na kuandika uzito wake juu ya ukurasa wa kwanza hakuhitaji umeme. Kuandika dawa kwa jina lake la asili badala ya jina la biashara hakuhitaji leseni. Kutenga kloridi ya potasiamu iliyo kali, ambayo ikidungwa bila kuchanganywa husimamisha moyo, na kuiondoa katika kabati la kawaida la wodi, hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Hospitali iliyoshindwa kufanya hayo kwa karatasi itayashindwa pia kwa kompyuta, ila itayashindwa kwa kasi zaidi. Mashine hufuata nidhamu iliyokwisha kuwapo, kama bunduki bora inavyomfaa askari aliyekwisha kufundishwa.

Swali la siri nalo halikwepeki. Jalada la karatasi husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, ambapo jalada la kompyuta laweza kusomwa na wengi walio mbali. Afya ya askari, na hasa ya kiongozi wake, ni habari ambayo adui angependa kuipata. Kwa hiyo kila mtumishi anapaswa kuwa na neno lake la siri, asilomwazima mwenzake hata kwa dakika moja, na kompyuta iandike nani alifungua jalada la nani na saa ngapi. Muuguzi anayeazima neno la siri ni sawa na mlinzi anayeazima ufunguo wa ghala.

Lakini siri ya mgonjwa isichanganywe na kumficha mganga. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jeshi la Marekani lilitumia kwa miaka mingi dawa ya kuzuia malaria iitwayo mefloquine, iliyotokana na utafiti wa jeshi hilo lenyewe. Mwaka 2013, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliiwekea onyo kali kuliko yote kwa sababu huweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili, na madhara mengine hudumu. Mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili hastahili kupewa dawa hiyo kwa ajili ya kinga. Askari anayeficha ugonjwa huo wakati wa kwenda misheni ya nje, kwa kuogopa kuachwa nyuma, huinyima kompyuta na daktari habari ambayo ingemwokoa. Kati ya mwaka 2007 na 2024 maelfu ya askari wa Burundi walitumikia Somalia katika misheni za Umoja wa Afrika, na kila mmoja wao alibeba mwili wenye historia yake. Historia hiyo isipoandikwa, kila daktari mpya huanza upya gizani.

Basi wajibu wa askari ni upi? Akifika hospitalini, na ataje jina lake lote, mwaka wa kuzaliwa na namba yake, hata akiulizwa mara tatu, wala asikasirike. Muuguzi anayeuliza tena hamdharau, anamlinda. Na ataje kila dawa anayoitumia, pamoja na zile za mitishamba na zile alizonunua njiani. Na aende na karatasi za matibabu ya zamani. Akipewa dawa, na aulize inaitwaje na ni ya nini, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Asigawane vidonge na mwenzake wa kambini eti kwa sababu homa zao zinafanana. Na mke au mume aliyebaki Mutanga Nord, au Ngagara, au kule milimani, na ajue uzito wa mtoto wake kama ajuavyo jina lake.

Liko moja la mwisho, nalo ni zito kwa wenye vyeo. Afisa anapofika hospitalini na kumwamuru muuguzi amdunge sindano upesi bila kuandikwa, bila utepe wa mkononi, bila kulinganisha jina na dawa, hudhani ametumia heshima yake. Kwa kweli ameruka kizuizi, sawa na kile kilichorukwa Nashville. Muuguzi humwogopa, hunyamaza, na lindo la mwisho huwa limeondolewa kwa amri ya yule yule lililowekwa kumlinda. Mlinzi wa ghala hamwachi jenerali achukue bunduki bila sahihi, na jenerali mwenye akili humsifu kwa hilo. Muuguzi naye astahili sifa hiyo hiyo, kwa kuwa sumu mwilini haijui nyota wala mkanda, na mashine inayosomesha mistari haisomi cheo.